Zipumzisheni Kwanza

Jumanne, 5 Machi

Nimemkosea shemeji yangu. Naandika hivyo kwanza kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikianza kujitetea, mpaka nimalize itaonekana mimi ndiye niliyeonewa.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Tunafanya kazi kampuni moja, ya sola. Mimi msimamizi wa ghala: paneli na betri mpya zikiingia, mimi ndiye ninayezituma kwa wateja. Yeye anapokea kuukuu, betri zilizokufa na paneli zilizopasuka, na kuhakikisha zinarudi kiwandani zikayeyushwe, zitengenezwe upya. Mimi mlango wa mbele, yeye mlango wa nyuma. Ukutani pameandikwa kwa rangi ya kijani, herufi kubwa utadhani mkutano wa injili: HARAKA NA SAFI. Mimi ndiye Haraka. Yeye ndiye Safi. Haya, mmoja wetu yuko nyumbani tangu jana. Sio Haraka.

Ilivyokuwa. Yeye ana sheria yake: lori lililoleta mpya lisirudi tupu, lirudi na kuukuu. Hakuna safari mbili, hakuna mafuta ya bure. Safi kabisa. Ila betri kuukuu huzirushi garini kama magodoro. Kila moja inakaguliwa, inafutwa, na kabla ya hapo inakaa rafuni siku nzima bila kuguswa, itulie, isije ikatapika asidi njiani. Hiyo yeye anaita kupumzisha. Neno lake mwenyewe. Wapakiaji walimcheka sana mwanzoni. Betri imechoka na nini, ilikuwa inalima? Halafu wakalizoea. Sasa ukienda pale hata mlinzi atakwambia betri zinapumzika, punguza sauti.

Basi betri zinapumzika, lori linasubiri, mimi nasubiri, na Bosi anapiga simu. Wenzenu wa tawi lingine mzigo unatoka siku hiyohiyo. Nyie mnafanya nini huko, mnabembeleza betri?

Siku moja nikampigia dereva. Nikamwambia: "Waambie wapakiaji hizo kuukuu wazipumzishe kwanza kule nyuma. Wewe ondoka."

Kwa nini neno lake? Kwa sababu ningesema "wazitupe nyuma" wapakiaji wangeuliza. Neno la shemeji halina maswali, likisemwa linatekelezwa. Nililijua hilo kabla sijashika simu. Hapo ndipo kosa lilipo, nisilitafute pengine.

Na kweli, zikapumzika! Miezi. Hakuna mfanyakazi wa kampuni ile aliyewahi kupata likizo ndefu kama zile betri. Chini ya turubai, nyuma ya ghala, zimeegemea ukuta wa jirani. Shemeji alipoziona alinijia mbio: shemeji, mbona lundo? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Bosi keshakubali lori maalumu, litazibeba zote kwa mpigo. Alifurahi. Akanishukuru!

Hakuna lori maalumu. Bosi hajawahi kuombwa lori maalumu. Lori maalumu lilizaliwa mdomoni mwangu, na humo ndimo lilimoegeshwa.

Inatosha kwa leo. Mke wangu anauliza huku chooni nafanya nini muda wote huu. Ndiyo chumba pekee chenye komeo.


Jumatano, 6 Machi

Sijamaliza ya jana.

Mvua imenyesha wiki nzima iliyopita. Turubai likajaa, likapasuka. Maji yakapita kwenye betri, yakatoka upande wa pili wa ukuta kwa dobi jirani yetu, yakaingia kwenye kisima chake cha maji ya mvua. Dobi hakujua. Akafua. Jumatatu asubuhi akaingia getini kwetu na koti jeupe la bwana harusi, limetoboka kama chujio. Na siku hiyo, siku zote za mwaka zilikuwepo, ndiyo wafadhili walikuja kutupa cheti cha kampuni inayotunza mazingira. Cheti chenyewe kilikuwa na fremu. Wageni wakaomba kuona nyuma.

Bosi alitaka mkosaji kabla ya chakula cha mchana. Akawauliza wapakiaji nani alisema zikae pale. Wakasema, tuliambiwa zipumzishwe.

"Hilo neno la nani?"

Wote wakamgeukia shemeji. Dereva alikuwa safarini. Shemeji akasema, "Neno ni langu, lakini..." Akaniangalia mimi.

Mimi nilikuwa naangalia feni. Feni nzuri sana ile. Sikuwahi kugundua kwamba panga lake moja limepinda.

Bosi akaniuliza mbele ya wote: huo ni utaratibu wa nani? Nikasema, "Kwa kweli, kupumzisha ni utaratibu wake." Hakuna uongo hata chembe katika sentensi ile. Ndiyo maana inanuka.

Bosi akamwambia shemeji: "Basi na wewe kapumzike." Watu wakacheka. Bosi alijiona mchekeshaji. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa pua tu, nisionekane nimenuna.

Leo mezani mke wangu kaanza. Huyo aliyemchongea mdogo wangu! Huyo mtu ana roho gani! Akalale asiamke na hamu ya kula! Huku ananijazia sahani. "Kula, baba, umekonda kwa mawazo. Najua nawe linakuuma."

Nikala. Nikaongezwa.


Ijumaa, 8 Machi

Bosi kaniita ofisini. Kikao cha shemeji ni Ijumaa ijayo, tarehe 15. Siku hiyo ndiyo itaamuliwa arudi au aende moja kwa moja. Na akienda, anaenda na barua inayosema ameharibu maji ya watu. Nani atampa kazi nyingine ya sola? Ya kufagia hawatampa.

Bosi anataka niwe shahidi. Hana maneno mengi: nirudie ileile sentensi ya Jumatatu, nikae. Wafadhili wameambiwa aliyehusika amepatikana, kwa hiyo cheti kipo palepale, kimeahirishwa tu.

Halafu akaniambia nikae chini. Akasema kampuni inahitaji mtu wa kuunganisha mambo yote mawili, kasi na usafi, pasiwe na mvutano tena. Mtu mwenye uzoefu. Kuanzia Ijumaa, baada ya kikao, kazi ya shemeji inaunganishwa na yangu.

Yaani mimi ndiye Haraka na Safi! Wote wawili mwili mmoja, kama ndoa. Waje tu wabadilishe ule ukuta, waandike jina langu.

Nikasema asante. Mdomo huu. Ungefaa ushonwe.


Jumamosi, 9 Machi

Nilikwenda kwa dobi. Nilijiambia nakwenda kuchukua shati langu. Sina shati kwa dobi. Mke wangu ndiye anayefua.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono yote imefungwa vitambaa. Ngozi ya viganja imebanduka. Pasi iko kando, baridi, na kamba zote za kuanikia tupu. Sijawahi kuona ua wa dobi bila nguo. Unakuwa kama uwanja wa mpira siku isiyo na mechi.

Hakunijua natoka kampuni mpaka alipoona kofia yangu. Kijani, imeandikwa kilekile. Nilisahau kuivua. Akili!

"Aa, wewe ni wa upande wa pili," akasema. "Karibu. Kampuni yenu ni ya mwanga, sivyo? Basi mimi nimeuona. Nyoosha shuka yoyote ya mteja juani, utauona mwanga unapita hapa, hapa na hapa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia daktari kasema viganja vitapona, lakini wateja hawaponi. Yule bwana harusi ameoa na koti la kuazima, mikono yake inaishia viwikoni. Kila mtaa anasimulia.

Halafu akauliza: "Ni kweli mmemfukuza yule dada? Maana ndiye pekee aliyekuja kuniambia nisiyatumie yale maji. Jumatatu hiyohiyo, baada ya kufukuzwa. Alipitia hapa kabla ya kwenda kwao. Akanifunga na hivi vitambaa."

Nikamwambia bado haijaamuliwa.

"Basi mkiamua, mwambieni aliyeamua aje afue siku moja na yale maji."

Nikasema nitafikisha salamu. Zimefika.


Jumapili, 10 Machi

Shemeji kaja nyumbani mchana. Mke wangu alikuwa kwa jirani. Tukabaki wawili, televisheni inapiga kelele, hakuna anayeitazama.

Nilidhani kaja kunisema. Nilijiandaa. Nilikuwa na majibu mazuri kabisa.

Akasema: "Shemeji, samahani kwa Jumatatu ile. Nilikuangalia vibaya pale mbele za watu."

Samahani! Yeye!

Akasema alipokuwa anataka kutaja lile lori maalumu alijizuia. Aliona akilitaja nitaulizwa mimi, na Bosi ataruka, atasema hakuahidi kitu, na tutafukuzwa wote wawili siku moja. Dada atakula nini, watoto watasoma na nini. Kwa hiyo akanyamaza. "Bora mmoja wetu abaki ndani. Najua Bosi alikuahidi halafu akakugeuka. Yule anaweza."

Sijawahi kusikia Bosi anasingiziwa nikashindwa kufurahi. Leo nimeshindwa.

Akaniomba kitu kimoja. Kikao cha Ijumaa amepewa ruhusa ya kuleta mtu wa kumsemea. Kaniandikisha mimi. "Huhitaji kumtaja Bosi. Sema tu unanijua, sijawahi kuacha betri zikae. Wewe wakikusikia wataamini."

Kwa hiyo Ijumaa mimi ni shahidi wa Bosi na shahidi wa shemeji. Nikiingia nikae kiti gani? Labda walete benchi refu, nilale katikati.

Nikamwambia tutaona. Hilo ndilo jibu langu zuri nililoliandaa.


Jumatatu, 11 Machi

Leo nimepata akili ya kijanja. Nitasafisha lundo! Nikilisafisha, ikifika Ijumaa hakuna lundo, Bosi anapoa, shemeji anarudi kimyakimya, na mimi sijasema kitu. Kila mtu anafurahi. Mpango huu ulinijia wakati napiga mswaki. Mipango yangu mibaya yote inanijia napiga mswaki.

Dereva kafika na mzigo. Dereva wetu ni mtu mzima mwenye tumbo la kuegemea usukani, wapakiaji wanamwita Gia Tano ingawa sijawahi kuona akifika hata ya nne. Nikamwambia leo lori halirudi tupu.

Akazima injini. Akaniangalia kutoka juu ya dirisha.

"Mkuu, leo zinapumzika au zinaamka?"

"Pakia, mzee."

"Nauliza tu. Maana ile siku uliponipigia nilifikisha neno kama lilivyo. Sikuongeza wala kupunguza. Mimi ni bomba, maji yanapita tu."

Anajua. Ni yeye peke yake anayejua. Na hakuna aliyemuuliza, kwa hiyo hajasema. Analibeba kama mzigo mwingine wowote, akisubiri kuambiwa anashusha wapi.

Nikavaa glovu, nikapakia na wapakiaji. Zilizovunjika tukazitenga kwenye matangi ya plastiki yenye unga wa chokaa, kama shemeji alivyotufundisha. Nyingine zikaenda kwenye rafu, zikapumzike kweli. Mgongo wangu umekufa. Na hapo, katikati ya kujifuta jasho, nikaona kitu kilichonifanya nikae chini kwenye ndoo.

Siku zote hizi nimemlaumu shemeji kwamba utaratibu wake unachelewesha lori. Lakini je, sikuwa na haki hata kidogo? Nilikuwa nayo. Kuna zahanati iliwahi kukaa gizani, wazazi wanajifungulia kwenye tochi ya simu, kwa sababu lori langu lilisubiri betri zipumzike. Sikuota. Nilipigiwa simu na nesi akanitukana, na alikuwa na haki ya kunitukana. Haraka siyo tamaa ya Bosi tu. Kuna mtu upande ule anasubiri taa.

Ila betri inapumzika siku moja. Moja tu. Na mimi naijua ratiba ya lori mapema, naipokea kwenye simu yangu kabla mtu mwingine yeyote. Ningemwambia shemeji jioni, "keshokutwa lori linakuja," angezipumzisha kesho yake siku nzima, asubuhi ya lori zinapakiwa wakati mpya zinashuka, lori halingoji hata dereva amalize chai. Nesi ana taa, dobi ana viganja. Neno moja la jioni. Tunaonana kila siku! Ni shemeji yangu, anakula kwangu!

Sikumwambia kwa sababu ratiba ilikuwa yangu. Nilipenda kuwa mtu pekee anayejua lori linakuja lini. Ndiyo hivyo. Cheo chenyewe kilikuwa hicho tu.

Gia Tano alipokuwa anaondoka akatoa kichwa: "Umesafisha uwanja, mkuu, hongera. Mtu naye utamsafishia wapi?"

Akatia gia. Ya kwanza, bila shaka.


Jumanne, 12 Machi

Bosi kaona uwanja umesafishwa. Kafurahi sana! Kasema hiyo ni dalili tosha kwamba tangu yule aondoke mambo yamenyooka. Atalisema kwenye kikao kama ushahidi.

Kwa hiyo kwa mgongo wangu mwenyewe nimempigilia shemeji msumari mwingine. Mimi nikisaidia mtu, akimbie.


Jumatano, 13 Machi

Leo sitaki mzaha. Haya, mdogo.

Asubuhi nimemfuata Gia Tano kabla hajaondoka. Nikamwambia Ijumaa asiende safari. Akauliza kwa nini. Nikamwambia akae mlangoni pa chumba cha kikao, na mimi nikiingia nikakaa bila kusema, aingie aseme yeye. Kila neno la ile simu.

Akasema: "Mkuu, unajiwekea breki ya akiba?"

"Ndiyo."

"Sawa. Lakini nikilazimika kuivuta mimi, usinisalimie tena."

Nikasema sawa. Tukapeana mikono. Yake ina grisi, yangu ina jasho. Sijui nani alimchafua nani.

Jioni hii nimerudi, nimemkuta shemeji sebuleni na dada yake. Wamekaa sofa moja, wanapanga nitakachosema Ijumaa. Mke wangu ananitungia hotuba! Anza hivi, malizia vile, vaa shati la bluu unaonekana mkweli. Shemeji anamwambia dada, mwache, shemeji anajua kusema. Halafu mke wangu akarudia wimbo wake. "Na huyo aliyemchongea awepo humohumo ndani, akusikie, aone aibu!"

Nikasema atakuwepo.

"Unamjua?"

Nikasema naomba kwanza niende chooni.

Ndiyo niko hapa. Komeo limefungwa. Nje wananong'ona, mlango ni mwembamba, nasikia kila kitu. Mke wangu anasema huyu leo ana nini, kaingia na daftari. Na shemeji anamjibu: dada, usimsumbue, ni tumbo tu, amekuwa na mawazo mengi kwa ajili yangu.

Ananitetea! Mpaka chooni ananitetea!

Basi naandika, na nikiandika nimefungwa. Ijumaa, tarehe 15, kikao kikifunguliwa, kabla Bosi hajaniita na kabla sijaiona ile feni, nitasimama niseme hivi: neno lilikuwa la shemeji, amri ilikuwa yangu. Lori maalumu sikuwahi kuliomba, nililitunga. Bosi hakuahidi, na hilo pia nitalisema, ingawa litaniuma kumsafisha. Na kama kuna mtu wa kupumzishwa, yuko hapa amesimama. Kutoka pale naingia kwa dobi, nimwambie mkono uliobandua viganja vyake ni huu, kisha nimpokonye pasi, nifue na kupiga pasi mpaka vipone. Kama wateja watakubali.

Ila shemeji asilisikie hilo Ijumaa, mbele za watu, kama mgeni. Alisikie leo. Sasa hivi, na dada yake pembeni, kabla hajamaliza kunitungia hotuba.

Mke wangu anagonga. "Baba, uko salama humo?"

Nafungua komeo.